Shuka Hukunjwa na Wawili

Pa! Sauti hiyo ilitoka sebuleni kabla hakujapambazuka. Kimya kidogo, kisha tena: pa! Nikajua ni nini hata kabla sijashusha miguu kitandani. Mtu alikuwa anakung'uta shuka.

Nilimkuta binti yangu wa kwanza, aliyekuja kunitazama kwa siku chache, amelibana shuka kwa kidevu na mikono ameitanua, anahangaika kulikunja peke yake.

"Nimekuamsha, mama?"

"Umeniamsha, na shuka la watu unalitesa. Nipe ncha zile."

Akasimama upande wa dirisha, mimi upande wa mlango. Tukalivuta, tukalikung'uta, tukakutana katikati. Akanipokea ncha zangu, akainama kuokota mkunjo wa chini kabla mimi sijainama, tukakutana tena. Nikajikuta nimeteremsha sauti.

"Leo nakupeleka kwa mtu," nikamwambia.

"Sasa mbona unanong'ona? Tuko wawili tu humu ndani."

Nilicheka mpaka nikakaa. Nimekula chumvi nyingi, lakini bado siwezi kukunja shuka bila kunong'ona. Tulipokuwa tunasubiri kuche vizuri, nikamweleza sababu. Sehemu alikuwa anaijua, kwa kuwa alikuwepo, ingawa hakuona kitu.

Nilikuwa kibarua katika chumba cha kufulia cha hospitali. Kilikuwa nyuma kabisa ya majengo, karibu na bomba la moshi, na kuta zake zilitoka jasho kama sisi. Mashine zilinguruma kutwa. Ukitaka kusema na mwenzako ilibidi upaze sauti, na ukipaza sauti msimamizi anasikia. Mahali pa kusema neno lako palikuwa mahali pamoja tu: kwenye kukunja. Shuka la hospitali ni kubwa na zito, hukunjwa na wawili. Mkikutana, vidole vikigusana, unasema maneno machache. Mnaachana. Mkikutana tena, mwenzako anakujibu. Ukiwa na ugomvi na mume wako, habari yake ilikula mashuka ya wodi nzima, na kabla hujafika mwisho wake kengele ya kutoka imeshalia.

Kengele hiyo aliishika msimamizi wetu, ndiyo maana tulimwita Bi Kengele. Alikuwa mrefu, mkavu wa maneno. Alipiga ya kuanza, ya chai, ya kutoka. Aliyeacha kazi bila kengele alikuwa amejimwagia unga mwenyewe, kesho yake hana haja ya kuja.

Mwaka huo nilipata mimba. Tulikuwa tumeisubiri kwa muda, mimi na mume wangu, lakini ilikuja yeye akiwa kitandani na kifua, hawezi kazi, na nyumba yote inakula kwa mikono yangu. Na vibarua hatukuwa na likizo ya uzazi. Tumbo likionekana unarudishwa nyumbani. Ukishajifungua, ukikuta nafasi imejazwa, basi.

Nikaficha. Lakini mimba ni kama kikohozi. Mwenzangu wa kukunja, mama mnene mcheshi tuliyemwita Mama Pacha, tulikutana kwenye shuka akanitolea macho.

"Wewe! Hii nini?"

"Chakula," nikasema. Tukaachana.

Tulipokutana tena akasema, "Shoga, nimezaa mapacha mimi. Chakula hakikazi hivyo."

Hakumwambia mtu. Wakati huohuo kulikuwa na kijana aliyekuwa akisukuma mashuka machafu kutoka wodini, tukimwita Toroli. Ndiye aliyetuletea habari, huku anapakua mzigo wake pole pole. Wapishi, wahudumu wa wodi na walinzi walikuwa wanaanzisha chama cha wafanyakazi. Afisa wa kazi wa serikali angekuja uani awaulize wafanyakazi wenyewe. Waliokitaka wakizidi nusu, hospitali italazimika kukaa nao mezani. Na jambo la kwanza mezani lingekuwa likizo ya uzazi.

"Lakini dada zangu," akasema Toroli, "bila nyinyi wa kufulia, nusu hatuifiki. Tutaumbuka."

Basi nikaanza kupima tumbo langu na chama chao, kipi kitatangulia kuonekana.

Ofisini walikwisha kunusa. Ikaja amri, Bi Kengele akatusomea amesimama mbele ya mashine: mtu asikunje na mwenzake yuleyule siku mbili mfululizo. Tulivunjika moyo. Mama Pacha alinishika mkono kama anayeaga msafiri. Lakini walioitoa amri ile nadhani walikuwa hawajakunja shuka maishani mwao. Sisi wawili tulikuwa tukinong'onezana wenyewe kwa wenyewe. Sasa kila asubuhi nilipewa sikio jipya. Neno la chama likatembea chumba kizima kwa amri ya ofisi.

Na kila asubuhi mwenzangu mpya alikutana na tumbo langu.

Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Yeyote kati yao angeweza kupanda ngazi za ofisi akanimaliza. Nilikunja na mmoja aliyekuwa haniamkii tangu tugombanie ndoo. Tulipokutana mara ya kwanza alitazama chini, akaelewa. Nikangoja aseme. Ilipofika zamu yangu ya kuinama, akaniwahi, akaokota mkunjo wa chini yeye. Shuka lililofuata vilevile. Siku ya pili yake, mwenzangu mwingine, vilevile. Sijui waliambizana lini. Tangu hapo sikuinama tena mle ndani. Wanawake wale walikuwa na migongo mibovu, wana watoto nyumbani, na kila mmoja aliinama mara mbili ili mimi nisiiname. Nimetendewa mema mengi katika maisha, lakini hilo ndilo ninalolitaja kwanza.

Siku moja niliyepangiwa naye hakuja. Bi Kengele akaweka kengele mezani, akachukua ncha mwenyewe. Tukakutana katikati, akasimama kidogo zaidi ya inavyotakiwa. Akainama, akaokota mkunjo.

Kesho yake akanitupia aproni mpya. "Vaa hii. Yako imechakaa, inaniaibisha."

Ilikuwa kubwa ajabu. Mama Pacha akasema, "Tukikosa pa kulala, tutaingia humo sote."

Siku ya afisa wa kazi ikafika. Alipangiwa kuja saa ya chai, ili kila mtu aweze kutoka. Lakini asubuhi ofisi ilituma neno: chumba cha kufulia leo hakuna chai, mashuka ni mengi. Tukatazamana. Toroli akaingia mbio na toroli tupu.

"Wameanza! Jamani, mbona hamtoki? Tumepungua!"

Sote tulikuwa tunatazama kengele pale mezani. Kutoka bila kengele ni kufukuzwa, na wa kwanza kufukuzwa angekuwa mimi. Kubaki ilikuwa kufukuzwa vilevile, tofauti yake wiki chache tu. Mtoto akajigeuza tumboni. Bi Kengele alitazama saa ya ukutani. Akatutazama sisi. Akafuta mikono yake, ingawa haikuwa na maji, akainyanyua kengele, akaipiga.

"Chai!"

"Lakini bi mkubwa," mmoja akasema, "ofisi wame..."

"Mimi saa yangu inasema chai. Kuna joto humu. Anayetaka kunywea uani, uani kuna hewa."

Hata vikombe hatukuchukua. Tulitoka na aproni zetu mbichi, mikono imekunjamana kwa maji, tukasimama juani na wapishi na walinzi. Afisa akauliza nani anakitaka chama. Nikapiga moyo konde, nikainua mkono juu kabisa, na ile aproni ikapanda nao. Tumbo likasimama wazi mbele ya katibu wa hospitali, mkubwa wa ofisi. Aliliona, nikaona kwamba ameliona. Mkono sikuushusha. Pande zote kulikuwa na mikono ya kufulia, myeupe kwa sabuni.

Nusu tuliipita, chama kikakaa mezani kabla hawajanifukuza. Nilipata likizo, nikajifungua, nikarudi mahali pangu palepale. Nilimkuta Bi Kengele hana kengele tena. Walimvua usimamizi, akawa amesimama kwenye meza ya kukunjia, hana wa kukunja naye, wenzetu wanamwonea haya. Nikachukua ncha zangu, nikasimama mbele yake. Amri ya kubadilisha wenza ilikuwa imekwisha; tukakunja pamoja hadi tukastaafu, na katika miaka yote hiyo kengele hatukuitaja.

"Ndiye tunayekwenda kumwona?" binti yangu akauliza.

"Ndiye. Miguu imemkataa sasa. Vaa viatu."

Mkwe wa Bi Kengele alitupokea uani, anaanika nguo. Tukasikia ndani kijiko kinagonga kikombe, ting, ting, ting.

"Msishtuke," mkwe akasema. "Ndivyo anavyoniita. Kutwa nzima."

Bi Kengele alikuwa ameegemea mito, mwembamba, macho yaleyale. Nikamwamkia, nikamwambia, "Nimekuletea yule wa kwenye aproni."

Alimtazama binti yangu kwa muda. "Kumbe ulikuwa na sura! Mimi nilikujua kwa teke. Ulinipiga hapa." Akagusa mkono wake chini ya kiwiko.

"Ulilisikia?" nikamwuliza. "Miaka yote hii hukuniambia!"

"Ningekuambia nini? Msimamizi hapigi soga na vibarua." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Lilikuwa teke hasa. Nililala nalo."

Binti yangu akapiga magoti kando ya kitanda. "Bibi, walikunyang'anya kazi yako kwa ajili yangu."

"Walininyang'anya kengele, mwanangu. Ilikuwa nzito." Akanielekeza kidole. "Wakanipa huyu."

Mkwe akaingia na shuka lililotoka kukauka, binti yangu akalidaka kabla halijatua kitini. Akanipa ncha. Tukalikung'uta: pa! Bi Kengele akafumba macho kidogo aliposikia.

"Pindo limeenda upande," akasema bila kuyafumbua. "Vuteni."

Tukavuta. Tukakunja hadi likawa dogo la kuwekwa kifuani, na ndipo alipolipokea akalipapasa kingo. Jua lilikuwa limepanda, na njia yetu ndefu. Tulipoaga, alimshika binti yangu mkono, hakumwachia.

"Mje tena," akasema. "Na mama yako akichoka kutembea, uje peke yako. Usiogope shuka. Mimi miguu ndiyo sina, lakini ncha mbili bado naweza kushika. Utakuja?"