Maji Kabla ya Tambi

Jumapili ikifika, Agyekum huhama. Hapandi gari wala hafungi mzigo. Huingia jikoni tu, akajitupia taulo begani, akachuma mrehani kwenye kopo la dirishani, akaunusa macho kayafumba, basi, kaenda zake. Mwili hubaki Kumasi ukikaanga vitunguu saumu. Mwenyewe yuko Palermo, ng'ambo ya bahari, alikofanya kazi ya mkahawa miaka kumi na tisa.

Mkewe Konadu alishazoea, lakini kuzoea si kupenda. Mwanzoni alimtania.

"Baba Serwaa, tambi zako mbichi hizi."

"Si mbichi. Zinatakiwa zikatae jino kidogo."

"Humu ndani wa kunikatalia yupo tayari. Tambi huliwa asubuhi na wali wa kunde, kwenye jani, pilipili juu. Huko ulikokwenda walikulisha nini?"

Agyekum hucheka. Humwambia kwamba saa hizi, kule karibu na bandari, jua linapiga upande wa kushoto. Kisha humtandikia kitambaa cheupe, humvutia kiti, humwekea sahani. Halafu husimama. Hapo ndipo palipomuuma Konadu. Mume mzima anasimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni, kama mtu anayengoja basi, mpaka mke amalize kula. Ukimwambia kaa, anajibu, "Nakuja." Mwaka wa nne huu anakuja. Konadu alitaka mumewe akae naye mezani, hakutaka zaidi ya hapo, na kila Jumapili alikula peke yake.

Siku moja wifi yake Afrakoma akaja kutoka Mampong bila taarifa. Konadu akafanya kama inavyofanywa: akamkalisha, akampa maji, akangoja anywe, ndipo akamwambia, "Hapa kwetu ni amani. Wewe ndiye uliye njiani, tupe habari." Afrakoma akaanzia pale alipofunga mlango wake, hakumwacha hata mbuzi aliyemkatizia barabarani. Agyekum alikuwa mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi. Alikuwa akiitazama ile glasi ya maji ya mgeni. Aliitazama mpaka mchuzi ukashika chini, naye mchuzi wake haujapata kuungua hata siku moja.

Konadu akaelewa, na haya ikamshika. Hivi huyu mtu nani alimpa maji? Alikuja likizo ya wiki tatu, wiki ileile mipaka ilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa. Akafungiwa hotelini Accra siku kumi na nne. Alipoletwa nyumbani, ukoo mzima ulimsalimia kutoka ng'ambo ya ua, barakoa usoni. Ugonjwa ulipopoa, mkahawa wake ulishakufa, vibali vimepitwa na muda, na hakuna aliyekumbuka kumwuliza habari za safari. Mtu asiyeulizwa safari bado yuko njiani, hata mtoto analijua hilo. Ukoo wenye midomo kama ule, wote wakasahau.

Jumapili iliyofuata Konadu hakungoja kukalishwa. Alimkuta anakwaruza jibini, akamshika mkono, akamkalisha yeye kwenye kiti cha kitambaa cheupe. Akamletea maji kwa mkono wa kulia.

"Tambi zitalainika," Agyekum akasema.

"Acha zilainike."

Agyekum akamwaga tone chini kwa waliotangulia, akanywa yaliyobaki.

"Hapa kwetu ni amani, mume wangu," Konadu akasema. "Wewe ndiye uliye njiani. Tupe habari."

Agyekum akatazama dirishani. Sufuria ilikuwa ikitokota, mvuke ukaja mpaka mezani, dirisha likawa jeupe, na mtaa wao ukafutika taratibu, duka la kona, nguzo ya umeme, kila kitu. Ungeweza kuapa kwamba nje kuna bahari.

"Kule mkahawani palikuwa na meza karibu na dirisha," akaanza. "Kitambaa cheupe. Nilikuwa naiona kila mlango wa jikoni ukifunguka. Watu wanakaa pale wawili wawili, jua linawapiga upande wa kushoto. Nikawa nasema, Konadu akija, nitamkalisha pale."

"Na wewe ulikuwa unakaa wapi ukila?"

"Sikukaa. Tulikula masazo, tumesimama kwenye karo la vyombo. Miaka kumi na tisa, Konadu. Ile meza sijawahi kuikalia."

Konadu akalia, wala hakujificha. Miaka minne alidhani ameachwa peke yake mezani, kumbe alikuwa amekalishwa mahali alipotunziwa siku zote hizo.

Akaenda kuzipakua tambi. Zilikuwa zimevimba, laini kabisa, kama zile za wali wa kunde. Akazitia kwenye bakuli moja, akalileta mezani na kuvuta kiti cha pili. Agyekum kwa mazoea akainuka kumpisha, asimame nyuma yake. Konadu akalitoa lile taulo begani mwake.

"Umeshafika," akamwambia. "Kaa."

Agyekum akakaa. Akaonja, akatafuna kwa muda mrefu.

"Zimepita kiasi," akasema, na akajiongezea.