Ukaguzi wa Chumba cha Mama Mkwe

Wapangaji walimwita Kanuni, na yeye alijua, na jina lilimpendeza. Nyumba yake ilikuwa ya ghorofa moja, vyumba chini na juu, choo na bafu mwisho wa korido, na aliisimamia kwa mdomo zaidi kuliko kwa nyundo. Ukimkuta kwa kinyozi, anamfundisha mwenye nyumba mwingine makosa ya kuepuka. Usipangishe ndugu. Usiahidi kitu bila kuandikiana. Fundi akisema atakuja kesho, tafuta fundi mwingine leo. Na kubwa kuliko yote, ingia ukague kila chumba kila baada ya miezi michache, hata aliyemo awe nani, kwa sababu nyumba huanza kuoza pale usipopatazama.

Kisha mkewe akamwambia kwamba mama anahamia chumba cha juu, kile cha pembeni. Hakuombwa ruhusa, aliarifiwa, tena wakati anatafuna.

Hapo kanuni zikakwama. Chumba kilikuwa kimoja tu, maana yake kitanda cha mama mkwe kilikuwa humo humo, na hakuna mkwe mwenye akili timamu anayekanyaga mahali anapolala mama mkwe wake. Kanuni alikuwa akisimama koridoni, mlango umerudishwa, macho kayakaza kwenye kitasa, anatoa shikamoo. Ndani inajibiwa marahaba. Ukaguzi unaishia hapo.

Chini ya chumba hicho alikaa fundi saa, mwanamume mpole aliyefanyia kazi chumbani kwake, na ndiye mpangaji ambaye Kanuni alimtolea mfano kwa wengine wote. Siku moja aliripoti kuwa dari imefanya doa. Doa lilikuwa dogo, la ukubwa wa sahani. Baada ya wiki chache likafika ukubwa wa sinia, na kila asubuhi lilidondosha matone juu ya meza iliyojaa vigurudumu visivyotaka hata pumzi ya mtu. Fundi saa akafungua mwavuli, akaufunga kwenye kiti, akaendelea na kazi chini yake. Hakugomba. Alisema tu kwamba dari isipokauka mwezi huu, atahama, maana saa na maji havijawahi kuelewana.

Kanuni akaita fundi bomba. Fundi bomba akagonga kuta, akapekua bafu, akarudi chini na kutoa jibu mbele ya fundi saa na mwavuli wake: upande huo hakuna bomba. Halijawahi kuwepo. Maji yanatoka chumbani.

Basi Kanuni akamtuma mkewe, kwa kuwa binti ana haki ya kuingia. Mke aliingia, akakaa sana, akatoka macho mekundu. Akasema hamna kitu, ni nyumba tu inatoa jasho. Kanuni aliwahi kusikia mengi kuhusu nyumba, ila hilo la kutoa jasho lilikuwa jipya. Alipotaka kuuliza zaidi, mkewe alikuwa keshaondoka.

Jumamosi hiyo kipande cha plasta kikaanguka. Fundi saa alikuwa ametoka kupeleka saa ya mteja. Kipande kilivunja mwavuli, kikavunja na kiti. Kanuni alikiokota, akakipima uzito mkononi, akaogopa kwelikweli. Fundi saa angekuwepo pale, sasa hivi wangekuwa wanatafuta jeneza. Akapanda ngazi akiwa bado amekishika, akabisha hodi.

"Mama, dari ya chini imeanguka. Inabidi fundi aingie leo."

Sauti ikaja karibu sana, nyuma ya mlango.

"Mkwe, uko peke yako?"

"Niko peke yangu, mama."

"Usimsumbue fundi. Ni mimi. Siku hizi nikilala, siwezi kujizuia. Nafua mashuka humu ndani na kuyaanika humu humu, watu wasinione uani kila asubuhi. Ndoo inanishinda kuibeba, maji yanamwagika. Mwenzio anajua, nilimwapisha asikwambie. Nitafutie chumba kwingine. Ila sababu usimwambie mtu."

Kanuni alitazama kitasa. Mpangaji anayeharibu nyumba hupewa notisi. Hilo alilihubiri miaka yote.

"Mama," akasema, "ni bomba."

"Bomba gani?"

"Limepasuka. Fundi kaliona. Limo ndani ya ukuta."

"Ukuta upi?"

Hilo hakuwa amelifikiria.

"Wa dirishani," akasema.

Jumatatu mama mkwe akapelekwa kukaa kwa binti yake mwingine, na fundi bomba akarudi. Akauliza avunje ukuta mzima kwa ajili ya bomba lipi. Kanuni akamwambia avunje tu, aache maswali. Ukuta ulikuwa mzima kama yai. Pale pale pakawekwa koki ya maji, sinki la chini la kufulia lisilohitaji kubeba ndoo, sakafu ya vigae yenye tundu la kutolea maji, na kamba ya kuanikia karibu na dirisha. Wapangaji wengine waliona, na kabla wiki haijaisha wawili kati yao wakaripoti kwamba mabomba yao nayo yamepasuka.

Fundi saa alipanda kutazama. Alisimama mbele ya ukuta uliozibwa upya, mkono kidevuni.

"Kumbe lilikuwa bomba," akasema.

"Bomba," Kanuni akajibu.

"Ya siku hizi hata hayaonekani." Akashuka zake kufanya kazi. Habari za kuhama hakuzitaja tena.

Mama mkwe alirejea Ijumaa. Kanuni alibeba begi lake hadi koridoni, akaliweka chini mbele ya mlango, akageuka kuondoka kama ilivyo adabu. Nyuma yake akasikia mlango unafunguliwa, na safari hii haukurudishwa.

"Mkwe," mama akasema, "ingia ukague."

Aliingia. Kitanda hakukitazama. Aliinama, akapitisha kiganja kwenye sakafu pole pole, kutoka sinki hadi mlangoni, akamwambia mama kwamba ni kavu.