Matanga Ndani ya Jicho

Usingizi wa jana ulinipeleka pabaya. Niliota niko ndani ya jicho langu la kulia, lile lililopasuliwa mtoto wa jicho. La kushoto lilikufa zamani. Nina hili tu, na binti yangu Mwanasiti ni kiziwi, husema kwa mikono. Likizimika hili, basi tena, hatusemezani mpaka kaburini.

Humo ndani ni chumba cha ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Daktari amepiga magoti, anasugua kuta kwa kitambaa.

"Nini tena, daktari? Si umeshaitoa lenzi iliyoharibika?"

"Imetoka. Jamaa zake wamebaki."

Kweli, pembeni wamejibanza vichembe, kadiri ya punje za mtama, wamejitanda kanga, wanalia.

"Tumefiwa, bibi," mmoja wao anasema. "Tuache tukae matanga."

"Watoke wote," anasema daktari. "Wakibaki watazaana, watafunika ukuta wa nyuma, ndio dirisha lako la kuonea."

Nami, mjinga mie, nikamshika mkono. "Una roho gani wewe? Wafiwa unawafuta kwa kitambaa?"

Daktari akakunja kitambaa chake, akaenda zake bila kuaga.

Lenzi mpya aliyonitilia imekaa katikati kama bi harusi. "Ukingo wangu una makali," inasema. "Nikibana hapa ukutani hawavuki. Usinisogeze tu."

Mara chumba ni ukumbi wa nyumbani kwetu, wafiwa wamejaa hadi mlangoni. Aibu iliyoje! Nikaiambia lenzi, "Hebu sogea kidogo, mwanangu, watu wapite." Ikasogea.

Nikawamiminia kahawa. Wakatandika mikeka, si sakafuni, ukutani, juu ya dirisha. Mwanasiti yuko nje, ananiambia kitu kwa mikono. Mkeka mmoja unafunika vidole vyake. Mwingine unafunika kiganja.

"Jamani, matanga mnaanua lini?"

"Hatuna haraka," wanajibu, wananyoosha vikombe. "Ongeza kahawa, bibi."

Nikapiga ukelele, nikaamka. Jua limeshatoka. Mwanasiti amesimama kando ya kitanda na sinia la vikombe vya kahawa. Nikavigusa, bado vina moto, na mashapo chini. Toka Idi hatujapata mgeni nyumba hii.

Akaweka sinia chini, akaniuliza kitu kwa mikono.

"Rudia, mwanangu," nikamwashiria.

Akarudia. Nikafuta jicho kwa ncha ya kanga, nikamwomba tena. Akainama, akarudia karibu kabisa na uso wangu, polepole, mpaka chozi lake likaniangukia mkononi.