Landrova Iliyonyamazishwa

Leodegar aligonga mlango wa Landrova kwa vifundo vya vidole, akatega sikio, akagonga tena chini kidogo. Bati lililia ngaa, likaendelea kulia hata mkono ulipokwisha kuondoka.

"Mzee, hili si gari. Hili ni debe lenye magurudumu," alisema.

Mzee Anaeli hakucheka. Alikuwa ameteremka kutoka Old Moshi asubuhi ile mpaka Pasua mjini, kwenye banda ambamo Leodegar alishona viti vya magari, na shida yake ilikuwa moja tu: gari linyamaze. Mafundi wengine wawili walishamwambia kwamba Landrova kuukuu hainyamazi mpaka ife. Leodegar hakusema hivyo. Aliuliza, "Linyamaze kiasi gani?"

"Kiasi kwamba mtu akinong'ona kiti cha pili, nimsikie."

Fundi alimtazama, akaona kwamba mzee hatanii, akaacha utani wake.

Mzee Anaeli alikuwa dereva. Miaka ishirini na miwili aliendesha lori la ushirika, akishusha kahawa mjini, na ngurumo za lori hilo zilimla sikio la kulia, lile la upande wa dirisha, zikalimaliza kabisa. Lililobaki zima ni la kushoto, upande anakokaa abiria, na siku hizi abiria wake alikuwa mmoja, mkewe Elifuraha. Kila Alhamisi alimpeleka hospitali kubwa mjini kwa ajili ya koo. Alhamisi iliyopita daktari aliwaketisha wote wawili akawaambia bila kuzunguka: ugonjwa umekaa pale pale sauti inapotokea, na baada ya wiki mbili watapaondoa. Mama atapona, Mungu akipenda, lakini hatasema tena.

Elifuraha aliitikia kwa kichwa, akauliza kama ataweza kumeza mtori wa ndizi. Daktari akamwambia ataweza. Hakuuliza jingine.

Mzee Anaeli yeye alikuwa na lake, na hakuna daktari ambaye angemjibu. Mwaka ule ulikuwa wa tisini na saba. Tangu tisini na moja mke wake hakuwa amemwita jina. Watu wa kule hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Mke hamwiti mumewe Anaeli. Anamwita kwa mtoto wao wa kwanza, na mtoto wao wa kwanza, na wa pekee wa kiume, alikuwa Godbless. Bei ya kahawa ilipoanguka, Godbless alitaka kwenda Mererani kuchimba mawe ya thamani. Mama alikataa. Baba akasema kijana ni mtu mzima, akampa nauli na blanketi lake zuri la safari. Mwezi wa nne shimo likamfukia. Walimzika kihambani, kwenye shamba la nyumbani, nyuma ya migomba, na kuanzia siku ile Elifuraha akamwita mumewe "wewe". Chakula kikiiva alipiga mfuniko wa sufuria. Mbele za wageni alisema, "Mwambieni mzee." Mzee aliendelea kumwita mkewe Mama Godbless, naye mke aliendelea kuitika. Lakini jina la Baba Godbless mzee hakulisikia tena.

Hata hivyo alikuwa na tumaini lake, na tumaini lenyewe lilikuwa ndani ya ile Landrova. Nyumbani, tangu habari za ugonjwa zienee, palijaa mashemeji, majirani na akina mama wa kanisani waliokuja na vibuyu vya maziwa, hata mgonjwa hakupata nafasi ya kuugua. Huko Elifuraha alijibu kwa kichwa tu. Lakini ndani ya gari, wakishavuka daraja la chini ya kanisa, midomo yake ilianza kwenda, na haikukoma mpaka mjini. Aliongea akitazama kioo cha mbele. Mzee Anaeli hakuambulia kitu, maana sauti ya mke ilikuwa imebaki ya kukwaruza na bati lilikuwa likipiga makelele njia nzima. Kwa adabu akawa anaitikia "eeh". Eeh kwenye kona, eeh kwenye mteremko, eeh mpaka Kiboriloni. Naye alijiambia kwamba katika maneno yote yale, hakosi kuwa ameitwa. Ameitwa mara nyingi, ila hakusikia.

Jina hilo ndilo alilotaka kulisikia kabla daktari hajaliondoa.

Leodegar alianza kutoa vitu bandani, kimoja kimoja. Kwanza ilikuja karatasi nene ya lami, yenye ngozi ya fedha mgongoni. "Hii ya Dubai. Siku hizi nchi imefunguliwa, kila kitu kinaingia. Unaibandika juu ya bati, bati linaacha kutetemeka. Kelele nyingi ni bati kutetemeka, mzee, si injini."

Mzee aliiweka juani juu ya boneti, akasubiri, kisha akainama na kunusa. Harufu ilimkamata kooni yeye mwenyewe, aliye mzima.

"Hapana."

Yeye alikuwa amekuja na magunia ya kahawa, mazuri, yaliyokaa misimu miwili bila kujazwa. Alidhani yangefaa chini ya paa. Leodegar alichukua moja akalipiga kwenye nguzo, na vumbi likatoka mpaka wote wawili wakakohoa. Akalikunja kwa heshima na kumrudishia. Sponji ya godoro waliijadili kidogo tu. Inakunywa maji ya mvua inaoza, na ikikaa karibu na injini inashika moto. Mzee akauliza kuhusu majani makavu ya migomba. Fundi akasema panya watashukuru sana.

Mwishowe walikubaliana vitu viwili. Sakafuni na kwenye ukuta wa injini, mpira mzito wa mkanda wa kiwandani, ambao Leodegar alikuwa na roli lake zima. Milangoni na juu, vipande vidogo vya mpira huo huo vibanwe kwenye bati lisitetemeke, halafu juu yake sufu.

"Sufu utaipata wapi?" mzee aliuliza.

"Kiboriloni, kwenye mitumba. Makoti ya Ulaya, yale marefu ambayo hakuna mtu wa kuyavaa hapa. Nenda ukachague mazito. Uyafue mara mbili, maana yale yana dawa ya nondo, na mama atakohoa."

Mzee Anaeli alichagua makoti tisa. Aliwashangaza wachuuzi, kwa kuwa hakuyajaribu mwilini; aliyaweka sikioni, la kushoto, akaziba kwa kiganja na kusikiliza soko likififia. Aliyafua mwenyewe mtoni Rau, akayafua tena. Leodegar aliyakata, akayashona kwa mkono na kuyabandika kwa gundi, akaacha wazi matundu ya chini ya milango ili maji ya mvua yapate njia, kisha akakataa kulitoa gari kwa siku tatu nzima mpaka gundi iishe harufu. Siku ya tatu aligonga mlango kwa vifundo. Ulisema dup, ukanyamaza. Fundi alijipongeza kwa tabasamu, na alistahili.

Alhamisi wakashuka. Tusimnyime mzee wa watu haki yake: lilikuwa gari jingine. Alisikia kioo cha saa ya mkewe kikigusa kitasa cha mlango. Alisikia maji kwenye chupa yake, na pumzi yake ikipita kooni kwa taabu. Akapunguza mwendo, wakavuka daraja la chini ya kanisa, akaelekeza sikio.

Elifuraha hakusema kitu.

Walipita kona, wakamaliza mteremko, wakafika mjini. Kimya. Daktari akamtazama koo, akathibitisha kwamba Alhamisi ijayo ndiyo siku yenyewe. Wakaanza kupanda kurudi, na bado kimya. Walipofika Kiboriloni mzee alishindwa, akasimamisha gari kando ya barabara.

"Mama Godbless, mbona huongei? Gari limenyamaza. Sasa nakusikia vizuri kabisa."

Elifuraha alipapasa sufu iliyofunika mlango. Alichukua muda, kwa sababu kila neno lilimgharimu.

"Ndiyo sababu," alinong'ona.

"Sababu gani?"

"Nilikuwa naongea kwa kuwa wewe husikii." Akameza, akashika shingo. "Nilikuwa nakuuliza. Si wewe uliyempa nauli? Unajibu eeh. Nilikukataza, sikukukataza? Eeh. Mtoto wangu angekuwa hai leo? Eeh." Akapumzika. "Miaka sita hakuna aliyenikubalia. Mchungaji alisema ni mapenzi ya Mungu. Wewe ulisema ni bei ya kahawa. Ndani ya gari tu ndimo ulimonikubalia. Nikifika hospitali nakuwa mwepesi."

Mzee Anaeli alishika usukani kwa mikono miwili, ingawa gari lilikuwa limesimama. Uchungu ulimpanda mpaka machoni. Alitaka kusema kwamba kijana angekwenda tu, nauli asingeikosa, kwamba vijana wa kijiji kizima walikwenda, kwamba yeye pia alizika mtoto. Alifungua kinywa.

"Umeona," mkewe alinong'ona. "Ukisikia, unajitetea."

Akakifunga. Akalirudisha gari barabarani, wakapanda mpaka nyumbani.

Jumamosi Leodegar alikuta Landrova imesimama mbele ya banda lake. "Shikamoo mzee. Kazi ina kasoro?"

"Marahaba. Haina kasoro hata kidogo. Naomba uitoe."

"Niitoe?"

"Yote. Mpira, makoti, yote."

Fundi aliuliza mara mbili, na mara ya pili mzee alimweleza, kwa maneno machache, akiangalia pembeni. Leodegar hakubisha tena. Walifanya kazi pamoja. Gundi ile aliyoisubiri siku tatu ilikuwa imeshika barabara, ikawabidi wachane sufu kwa bisibisi, kipande kwa kipande, na Leodegar alikunja uso kila kipande kilipochanika, kwa kuwa fundi mzuri anaumia kuharibu kazi yake hata akijua kwa nini. Jioni aligonga mlango. Ngaa. "Limerudi," alisema taratibu.

Alhamisi ya mwisho Elifuraha aliingia garini na kibegi chake, akaona bati tupu na alama za gundi. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Kisha akajifunga kitenge mabegani, akageuka mbele. Mzee akawasha, na debe likaanza kelele zake.

Walipovuka daraja, midomo ilianza kwenda.

"Eeh," alisema Mzee Anaeli.

Safari hii alijua anachokubali. Aliitikia kwenye kila kona. Mwanzoni kila eeh ilikuwa ngumu kutoka, kama kumeza dawa. Alikuwa na majibu yake, nayo yalimchoma kifuani. Kufika katikati ya mteremko hakuwa nayo tena. Eeh, nilimpa nauli. Eeh, ulinikataza. Eeh. Machozi yalimshuka na hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa kazini. Kwenye njia panda ya Kiboriloni walisimama kupisha lori, kelele zikapungua, na ghafla sikio la kushoto likaanza kunasa sauti ya mkewe, nyembamba, iliyokwaruza, sauti aliyoipenda tangu akiwa kijana wa kwaya. Ilikuwa mara ya mwisho duniani na ilikuwa pale pale karibu yake. Mzee akakanyaga mafuta gari likiwa limesimama, injini ikanguruma, na sauti ikazama. Watu wa mitumba wakageuka kumwangalia dereva mzima anayeunguza injini bure. Alikanyaga hivyo mpaka lori likapita.

Kabla ya kufika lango la hospitali midomo ilikoma yenyewe. Elifuraha aliegemea kiti akafumba macho. Mzee akazima gari, akasubiri katika ukimya ule, walau neno moja. Hakuna. Muuguzi alikuja, akamshika mama mkono, wakaingia ndani pamoja.

Alikaa kwenye benchi la korido na watu wengine wengi. Jua lilishafika dirisha la pili mlango ulipofunguliwa akatoka muuguzi mwingine, msichana ambaye hakuwa amemwona kabla, akiwa na nguo iliyokunjwa mkononi.

"Baba Godbless yuko wapi?"

Watu walitazamana. Mzee Anaeli naye aligeuka huku na huku, kama wenzake, kumtafuta anayeitwa.

"Baba Godbless," muuguzi alirudia, safari hii kwa sauti kubwa. "Kuna mama wa koo yuko chumba cha upasuaji. Kabla ya sindano ameniambia, 'Mpelekee Baba Godbless kitenge changu, pale koridoni kuna baridi.' Hayupo?"

Mzee alisimama.

"Alisema hivyo? Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake. Kwa shida, lakini nilimsikia."

"Na sasa?"

"Sasa amelala, mzee. Wameshaanza." Akanyoosha kitenge, akasita. "Wewe ndiye Baba Godbless?"

Alikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa bado na joto la mabega ya mkewe.

"Eeh," alisema Mzee Anaeli.