Yaya, Juzuu ya Saba

Kazi yangu ni kutengeneza faharasa. Mwandishi anabuni majoka, falme na wafalme watatu wenye jina moja, anapata sifa. Mimi nakuja nyuma yake nikiandika nani yuko ukurasa gani. Mke wangu huwaambia watu kwamba niko "kwenye vitabu", kisha hubadilisha mazungumzo haraka.

Mama yake, mkunga mstaafu, hakubabaishwa. "Yaani unapanga majina kwa alfabeti?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Ndiyo, mama."

"Na hiyo ni kazi?"

Kwa hiyo niliposikia ameanza kusoma juzuu saba za vita vya majoka, zile zile nilizokuwa nazitengenezea mwongozo, yaani kitabu kizima cha faharasa, kichwa kilinivimba. Mwongozo ulipotoka kiwandani nilimpelekea nakala ya kwanza kwa mikono yangu. Nilitaka kitu kimoja tu: mama mkwe akiri kwamba nina kazi.

Akavaa miwani. Alikuwa amefika juzuu ya tatu, na kati ya wahusika wote alimpenda yaya wa malkia. Alisema ndiye pekee humo mwenye akili ya kumfunika mtoto baridi ikiingia. Nikamfungulia mwenyewe herufi ya Y na kumwonyesha kwa kidole, mjinga mimi, maana lile ndilo ingizo nililojivunia kuliko yote, fupi na safi:

"Yaya: kumlea malkia, juzuu 1, uk. 12; kumtilia malkia sumu, juzuu 7, uk. 640."

Mama akaufunga mwongozo. Miezi yote ile ya kuandika, haikunijia hata mara moja kwamba msomaji anaweza kuwa hajamaliza kusoma. Sisi watu wa faharasa tunaujua mwisho mapema, tukadhani kila mtu anaujua.

"Mama, labda..."

"Nenda nyumbani, baba."

Wiki kadhaa mke wangu alinijibu kwa mkato. Niliona aibu hata kukaa mezani pangu. Nilikuwa nimemwibia mama wa watu juzuu nne nzima, tena huku nikisubiri kupongezwa.

Kisha mama akaniita. Juzuu ya saba ilikuwa mezani, imefungwa.

"Nimesoma nikimtazama mikono tu yule yaya," alisema. "Kila kikombe alichoshika."

Akanisukumia mwongozo. Kwenye herufi ya M alikuwa ameongeza kwa penseli:

"Mkwe: kuringa, uk. 1; kuropoka, uk. 212; kusamehewa, uk."

Vitenzi alikuwa amevipanga kwa alfabeti, kila nukta mahali pake. Hakuna mtu aliyewahi kuiheshimu kazi yangu kiasi hicho, na machozi yalinilenga. Mtu mwenye akili angeshukuru akanyamaza.

"Mama, hapa mwisho hujaweka namba ya ukurasa."

"Sijafika huko," alisema, akavua miwani.