Mashine Iliyoona Kungu

Mwaka wa hamsini na sita nilikuwa na boti ya mbao pale Itungi, ziwani Nyasa, na boti hiyo ndiyo iliyonifundisha kinyaa. Sisemi hasara. Hasara mtu huisahau. Kinyaa, mpaka leo nikisikia harufu ya karatasi inayoungua, chakula kinarudi kooni kuchungulia.

Boti niliijenga kwa mikono yangu, miaka miwili. Ila mbao zilikuwa za mjomba wangu Anyitike, mzee wa kanisa na mfuga nguruwe, na kwa hesabu yake mwenye mbao ndiye mwenye boti. Alikuwa amesimama kanisani akaahidi kwamba Ijumaa Kuu usharika mzima utakula samaki wa boti hiyo. Mimi mwezi mzima nilikuwa navua maji. Akaniita.

"Mwipwa, Alhamisi Kuu nitakuwa ufukweni na msumeno. Samaki wasipokuwemo, boti inakuwa hori. Nguruwe wangu wanakula chini kama hawana mwenyewe."

Nilimjua. Hakuwa mtu wa kutania na msumeno.

Binamu yangu Saulo, aliyerudi kutoka vitani Burma na koti la jeshi na maneno mengi, ndiye aliyesema habari ya mashine. "Wazungu hawabahatishi. Wanatumbukiza sikio la chuma majini, kalamu inachora kwenye karatasi kilichoko chini. Siku hizi zimechakaa, zinauzwa bei ya mtu kama wewe."

Tukaanza Iringa, maana Saulo alisikia iko moja kwa Jaha, muuza vyuma chakavu nyuma ya soko. Ilikuwepo kweli, kwa bei ya baiskeli mbovu. Jaha akafungua kifuniko. Mlikuwa na ukoo mzima wa panya, walio hai wamewalalia waliokufa, juu ya godoro la nyaya zilizotafunwa.

"Hawa wanahamishika," Jaha akasema, akamtoa mmoja kwa mkia, akamweka kando ya kikombe chake cha chai.

Hatukununua, lakini harufu ilipanda basi pamoja nasi. Tulipofika Chimala, jogoo wa mama mmoja aliyekaa mbele yetu alijinyonga kwa kamba yake mwenyewe. Saulo atasema hakujinyonga, alibanwa na mzigo. Saulo alikuwa amelala.

Ya pili ilikuwa Mbalizi, kwa Sedekia, dereva wa zamani wa setla. Kwa nje iling'aa. Nikamwuliza mbona inatoa sauti ya maji ndani. Akainama, akatema tumbaku kwenye tundu lililokuwa juu ya sanduku, akajifuta midevu.

"Tikisa tu, itakauka."

Tuliitikisa. Kilichotoka sitakiandika, huenda msomaji yuko mezani.

Ndiyo maana tuliporudi nyuma hadi Mbeya mjini, dukani kwa Muhidini, nilitaka kulia. Babu yake Muhidini alitoka Bagamoyo, na mjukuu alikuwa bado anaoga kama mtu anayeishi karibu na bahari. Mashine aliifunga kwa kanga, inanukia udi. Bei ilizidi ya Jaha, haikufika ng'ombe. Akaiunga kwenye betri ya gari, kalamu ikachora mstari safi.

Nilibaki na swali moja, na nililiuliza, asije mtu akasema nilikurupuka. "Na kungu je, Bwana Muhidini? Kwetu kungu inatoka ziwani, inafunga mpaka mwenzako humwoni."

"Kungu si kitu. Mashine hii haina macho, inasikia. Hata kungu iwe nzito kama ukuta, wewe utajua kilichoko chini."

"Haitaziba?" Saulo akauliza.

"Izibe na nini, ndugu yangu? Nendeni zenu kwa amani. Au ngoja, nitakuja mwenyewe kuifunga, msije mkaniharibia jina."

Alhamisi Kuu asubuhi tukaingia majini, watu watatu, Muhidini na kanzu nyeupe kama anakwenda kuoa. Nyuma yetu ufukweni mjomba alikuwa ameshakaa juu ya gogo, anapaka msumeno wake wa watu wawili mafuta ya nguruwe.

Sikio likashuka. Kalamu ikaanza kuunguza karatasi, harufu ya nywele zilizoungua, na chini ya boti ikatokea wingu. Jeusi, nene kama masizi ya chungu, limetanda tangu ukingo mmoja wa karatasi hadi mwingine.

"Hawa wote tukiwavuta, tutazama," Saulo akasema kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuusikia kwake.

Tukatupa nyavu. Tukavuta. Maji, na kitu kama kamasi kimeganda kwenye nyuzi, kinapenya kati ya vidole. Tukasogea, karatasi nyeusi tena. Tukatupa. Kamasi. Mara nne. Mara ya nne nikakiangalia vizuri: vijidudu vyepesi kama kucha ya mtoto mchanga, vinaonekana hadi matumbo, na vyote vinacheza. Nilikuwa nimeshajifuta usoni kwa mkono huo.

Jua lilipopanda, ziwa likatoa moshi. Nguzo moja, tatu, kumi, zinapanda kutoka majini kwenda mbinguni, halafu upepo ukaziinamisha juu yetu. Nilipofumba mdomo nzi wadogo walikuwa wameshaingia. Waliingia puani, masikioni, walijaza bakuli la ugali mpaka ugali ukawa na manyoya. Saulo alipiga chafya, wakatoka wengi kuliko walioingia. Kanzu ya Muhidini ilikuwa nyeusi na inatembea.

"Moshi gani huu una miguu?" Muhidini akasema, akitema.

"Ndiyo kungu."

"Kungu ni ukungu, bwana. Ule wa asubuhi, wa hewani."

"Kungu ni hii uliyonayo kwenye ndevu."

Akamtoa mmoja kwenye ndevu, akamtazama, akatazama karatasi, akatazama maji. "Uliniambia *inatoka*. Wadudu *wanatoka*. Ungesema *wanatoka* ningekuuliza ni wadudu gani, na mashine ningewauzia watu wengine."

 Sisi wa huku kila kitu kinatoka na *i*: ng'ombe inatoka, mchungaji inatoka, hata mjomba inatoka. Kumbe kwa herufi hiyo tu nilikuwa nimenunua mashine ya kuhesabu watoto wa nzi.

"Haina kosa," Muhidini akaendelea, kwa sauti ya mtu anayefariji wafiwa. "Inawaona vizuri sana."

Tukarudi. Mjomba akasimama, akachungulia ndani ya boti, akaona sentimita tano za kungu waliokufa na watu watatu wanaotema. Nikampa ile karatasi, aibu haikunizuia. "Walikuwepo, mjomba. Tazama weusi wenyewe."

Akainusa. "Usharika utakula karatasi?"

Akaufunga msumeno kwenye gunia, maana mkesha wa Ijumaa Kuu mzee wa kanisa hakati mbao. Ijumaa Kuu walikula maharage, na mjomba alikaa kiti cha mbele amekunja uso, watu wakimpisha kama mgonjwa.

Jumamosi asubuhi alikuja na msumeno. Akaanza kukata peke yake, kwa mkono mmoja, na mstari ukaanza kupinda kuelekea ubao niliouchonga wiki tatu. Nilivumilia kidogo. Kuona boti inakufa niliweza, kuona inakatwa kombo kama kiazi sikuweza.

"Ngoja, mjomba," nikasema, nikashika upande wa pili wa msumeno. Tukaikata sawasawa, na kwenye kila ufa kungu walimwagika pamoja na unga wa mbao, mjomba akivuta, mimi nikivuta.