Rangi Iliyokataa Kushika

Nguzo za geti hazitembei. Hilo Chebet alilijua tangu geti lile lijengwe, lakini Jumatano ile asubuhi angeapa mbele ya kanisa zima kwamba nguzo ya kushoto ilimsogelea. Alikuwa akirudi nyuma polepole kama alivyofunzwa, shingo ameigeuza, midomo ameikaza, mguu uko tayari juu ya breki, mara akasikia kitu kimevunjika kama muwa gotini. Alipotoka nje alikuta saidi mira ya kushoto, kile kioo cha pembeni, imelala ubavuni mwa gari. Kioo kilikuwa kizima, Mungu ni mwema. Lakini kifuniko chake, lile ganda la plastiki la nyuma ambalo hupakwa rangi ya gari, lilikuwa chini matopeni, vipande viwili.

"Uuuwi," alisema Chebet, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia ila ng'ombe.

Gari lilikuwa la Joseph, mumewe. Na ukweli usemwe: Joseph alikuwa mtu mpole, mzee wa kanisa anayeheshimika Kaptagat yote, lakini ukiligusa lile Toyota jeupe ulikuwa umemgusa mboni ya jicho. Aliliosha kwa mikono yake mwenyewe. Wajukuu hawakuruhusiwa kula mahindi ndani yake. Majuzi alipoenda Timboroa kumsaidia ndugu yake kuvuna viazi, alipanda lori, akakaa juu ya magunia matupu na uzee wake wote, kwa sababu matope ya kule yangelichafua gari. Angerudi Jumamosi.

Tena hakujua kwamba mkewe anajifunza kuendesha.

Mwaka uliopita, wakati wa palizi, Joseph alianguka shambani mchana kweupe. Ilikuwa sukari. Alikuwa anaficha jinsi inavyomsumbua, na mficha maradhi kilio humfichua. Chebet alimkuta katikati ya mahindi, macho yamegeuka, jasho la baridi linamtoka. Gari lilikuwa limeegeshwa pale pale karibu. Chebet aliutoa ufunguo mfukoni mwa mumewe, akaushika, akautazama, na haukumfaa kitu. Alikimbia hadi barabarani bila viatu, akasimamisha pikapu ya maziwa, na Joseph akafikishwa hospitali mjini amelazwa kati ya mitungi. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu wangezungumza mengine. Siku hiyo Chebet aliapa kwamba hatashika tena ufunguo asioweza kuutumia.

Alipomwomba Joseph amfunze, Joseph alicheka kwa upole, akamshika bega. "Mama Emmanuel, gari sio ng'ombe. Hii haisikii ukiibembeleza." Basi Chebet akajiandikisha shule ya udereva mjini, na kila alipoaga kwamba anaenda chama cha akina mama, alikuwa anaenda kumtoa jasho mwalimu Mabonga, ambaye hakuwa mtu wa kupiga kelele, ila alishika sana dashibodi. Mtihani ulikuwa wiki ijayo. Joseph akiliona gari limeumia kabla ya leseni kutoka, angeuficha ufunguo na mazungumzo yaishe. Na siku akianguka tena, Chebet angekuwa barabarani bila viatu kwa mara ya pili. Hilo ndilo lililomnyima raha, wala si kipande cha plastiki.

Duka la vipuri mjini halikumpa shida. Purity, dada wa kaunta, alivikagua vipande vya ganda lililovunjika, akaingia ndani, akatoka na lingine jipya, jeusi tititi.

"Hizi hukuja hivi nyeusi, Mama. Peleka kwa Ndungu pale mtaa wa Pioneer akupigie rangi. Akimaliza hutajua gani ni ya zamani."

Shida ilikuwa hapo hapo kwa Ndungu. Eldoret hakukuwa na fundi wa rangi wa kumshinda, na hakukuwa na rafiki wa Joseph kumshinda pia. Mwaka ule mbaya wa vurugu za uchaguzi, mashine ya Ndungu ya kupulizia rangi ililala ghalani kwa Joseph chini ya nyasi kavu, na Ndungu mwenyewe na watoto wake wakalala ndani ya nyumba ya Joseph, hadi mji ulipotulia. Tangu hapo Ndungu hakumficha Joseph neno. Kumpelekea Ndungu siri anayofichwa Joseph ni kumpelekea Joseph mwenyewe.

"Wacha tu," alisema Chebet. "Niuzie rangi ya kopo. Nyeupe."

"Nyeupe gani?"

"Kwani ziko ngapi?"

Purity alipanga makopo mbele yake: nyeupe ya theluji, nyeupe ya lulu, nyeupe ya maziwa. Chebet alikuwa amesomesha watoto kwa maziwa, amejenga nyumba kwa maziwa, na hata ada ya Mabonga ilitoka kwa maziwa. Hakuona haja ya kufikiri.

Kesho yake alianza kazi kwa moyo. Kupaka rangi hakukuwa kitu kigeni kwake. Geti alilipaka yeye, zizi la ndama yeye, hata viti vya kanisani. Alilikwaruza ganda kwa msasa laini, akaliosha kwa sabuni na maji ya moto, akalianika juu ya taulo safi. Lilipokauka, ng'ombe wakaanza kulia. Saa ya kukamua ilikuwa imefika, na ng'ombe haambiwi ngoja. Akaenda, akapaka mafuta ya kukamulia viganjani kama alivyofanya maisha yake yote, akakamua, akajipangusa kwa aproni, akarudi mbio kabla jua halijapotea. Alilikamata ganda vizuri, akalitundika kwa waya kwenye kona ya jikoni, akatikisa kopo, akapuliza.

Lilipendeza! Chebet alirudi nyuma, mikono kiunoni, akawaonea huruma wale wote wanaoacha fedha zao kwa mafundi.

Kisha rangi ikaanza kuhama. Ilijitenga mahali padogo, weusi ukachungulia. Ikajitenga na mahali pengine. Chebet alisogeza uso karibu, na mbele ya macho yake vidole vinne vikajichora juu ya ganda, halafu upande wa chini likatokea dole gumba. Alipuliza tena kuvifunika, rangi ikachuruzika machozi. Alifuta yote kwa petroli, akaanza upya asubuhi, tena baada ya kukamua, kwa maana hakuwa amejua bado adui ni nani. Vidole vikarudi.

Ijumaa mchana alikubali kushindwa. Alilifunga ganda ndani ya leso akaenda Pioneer.

Ndungu alikuwa amepandisha barakoa hadi kwenye paji la uso, nywele zake nyekundu kwa vumbi la gari la mtu. Aliifungua leso, akatazama, akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda.

"Haiya, Mama! Hii umeshika na mkono ya kukamua."

"Umejuaje?"

"Rangi na mafuta hawasalimiani. Mimi hapa nikiwa na kazi, mama watoto hanipatii chapati, iko na mafuta." Akaligeuza juani. "Tena hii nyeupe sio yenyewe. Gari ya Mzee ni lulu. Nitatoa hii yote, niweke ile ya kushikilia plastiki, ndio nipige rangi, halafu ya kung'arisha. Niachie, Jumatatu ukuje."

"Jumatatu Mzee atakuwa amerudi. Anakuja kesho."

Ndungu aliacha kucheka. Alimtazama, akalitazama ganda, akaelewa kila kitu.

"Ni wewe uligonga?"

"Ni mimi. Najifunza. Ndungu, tafadhali usimpigie."

"Sitampigia, Mama. Lakini akiniuliza nitamwambia. Unajua yule mzee siwezi kumdanganya."

Chebet alijua. Alimpenda Ndungu kwa hilo, na kwa wakati ule ule alitamani kumchapa kwa leso. Alirudi nyumbani na ganda lake, akalibana mahali pake mpaka likalia ta! Kisha akaenda kusimama mbali, karibu na zizi, akalitazama gari. Kutoka zizini halikuwa baya. Alimwomba Mungu ampe Joseph sababu ya kulitazama kutoka zizini.

Joseph alishuka Jumamosi mchana na gunia la viazi, vumbi hadi kwenye kope. Kama kawaida yake, alilisalimia gari kwanza. Chebet alikuwa dirishani mwa jikoni, kitambaa cha vyombo mkononi. Alimwona akizunguka mbele, akipitisha kiganja kwenye boneti, akipita upande wa kulia, akija nyuma, akifika kushoto. Joseph akasimama. Akainama. Akavua kofia.

Alikaa pale muda mrefu. Alinyoosha mkono, akaweka vidole vyake juu ya vile vilivyochorwa pale, vikubwa juu ya vidogo. Hakuhitaji kuuliza ni vya nani. Alama zile alikuwa amezikuta kwenye vikombe, kwenye kurasa za Biblia, kwenye kola za mashati yake ya Jumapili, tangu siku alipooa.

Aliingia, akanawa, akaketi. Chebet alimwekea chai isiyo na sukari. Joseph alikunywa nusu kikombe.

"Mama Emmanuel," akasema hatimaye, "siku hizi ng'ombe ndio wanapaka gari rangi?"

Chebet alianza kucheka, lakini kicheko hakikufika mwisho. Kiligeuka kilio, na ndani ya kilio yakatoka yote: nguzo, Purity, Ndungu, Mabonga, chama ambacho hakikuwa chama.

"Nilikuwa na ufunguo kwa mkono, Baba Emmanuel. Wewe umelala hapo kwa mahindi, gari iko hapo, ufunguo niko nayo, na ni kama nimeshika kijiko! Nilikimbia nikijua nikirudi nitapata umeenda. Sitaki tena. Hata ukikasirika, kasirika. Siwezi kukupoteza na gari imesimama."

Joseph aliweka kikombe chini. Mambo ya siku ile hakuyakumbuka. Alikumbuka tu kuamka hospitalini ananuka maziwa. Hakuna aliyewahi kumweleza alifikaje kule, na aibu ilimzuia kuuliza.

"Ulikimbia hiyo njia yote?"

"Bila viatu."

"Na ile mawe yote?"

"Sikuona mawe."

Joseph alitazama miguu ya mkewe chini ya meza, ndani ya zile ndara za bluu, kama mtu anayeiona mara ya kwanza. Macho yake yalilowa, na hakuyaficha.

"Ungeniambia tu unajifunza."

"Ungeficha ufunguo."

Joseph alikuwa mzee wa kanisa. Hangeweza kusema uongo mezani. "Ningeficha," alikubali. Akajipangusa uso. "Na huyo mwalimu anasema uko aje?"

"Anasema niko sawa. Kurudi nyuma ndio bado."

"Hiyo nimeona."

Akaingiza mkono mfukoni, akauweka ufunguo mezani, akausukuma hadi upande wa pili, karibu na kikombe cha Chebet.

"Twende kwa Ndungu. Siwezi enda kanisa na gari imefungwa bandeji."

Chebet alivitoa vibao vya L vya dereva mwanafunzi alivyokuwa amevificha chini ya gunia la unga. Joseph alivifunga mwenyewe, mbele na nyuma, akavivuta kuhakikisha havilegei. Kisha akafungua mlango wa kushoto. Hakuwahi kukaa upande ule, na ilimchukua muda kujua kiti kinasogezwa vipi. Walipokaribia geti aliteremsha dirisha, akanyoosha mkono, akaikunja saidi mira ndani. Walipopita akaikunjua. Chebet aliona, akaudhika kidogo, akamshukuru zaidi.

Barabarani Joseph alikanyaga breki ambayo haikuwepo.

"Polepole. Lori hiyo. Ng'ombe. Mama Emmanuel, ng'ombe!"

"Nimeiona."

"Ni ya Kituyi. Haina akili."

Chebet alipunguza mwendo, ng'ombe wa jirani Kituyi akavuka, wakaendelea. Msitu ukaanza kupungua, mashamba ya ngano yakafunguka pande zote, na Chebet akagundua kwamba kwa muda sasa hajaambiwa polepole. Alitupa jicho kushoto. Kichwa cha Joseph kilikuwa kimeangukia dirishani. Mdomo ulikuwa wazi.

Moyo wake ulisimama. Lakini mikono haikusimama. Iliwasha indiketa, macho yakaangalia kioo, mguu ukashuka taratibu, na gari likatoka barabarani likatua kwenye nyasi kama Mabonga alivyomfunza, breki ya mkono juu. Hapo ndipo alipomgeukia mumewe, akamshika kifua kwa mikono miwili.

"Baba Emmanuel! Baba Emmanuel!"

Joseph alifumbua macho. "Tumefika?"

"Nilidhani umezirai!"

"Nimelala tu. Viazi imenichosha." Alijinyoosha, akatazama nje, akaona barabara, nyasi, gari lililoegeshwa sawasawa. Akautazama uso wa mkewe, akaiweka mikono yake juu ya ile iliyokuwa kifuani pake.

"Na hata kama ningezirai," alisema, "si leo gari iko na dereva?"

Akavuta kofia hadi machoni, akalala tena. Chebet alingoja mpaka machozi yakamwacha aione barabara, kisha akaangalia kioo, akaingiza gia, akampeleka mume wake mjini.